Kamyo ya esanse ikipinduka: Sange inatuambia nini sisi wa Kavimvira

Ukitoka mpakani Kavimvira kuelekea mjini Uvira, harufu ya esanse inakupokea mbele hata ya wale wa kubadilisha pesa. Kando ya barabara kuna meza ya mbao, juu yake chupa na bido za manjano, na kipande cha chupa kilichokatwa kwa ajili ya kumiminia. Kijana anayeuza, yule tunayemwita kadhafi, anajaza pikipiki na mwenye pikipiki bado amekaa juu yake, injini inanguruma. Hatua nne tano nyuma yao kuna mama na babula, makala imeiva nyekundu, anachoma mahindi. Siku nyingi hakuna kinachotokea. Ndiyo maana tumezoea.

Katika miaka hii, tangu Burundi iingie katika upungufu mkubwa wa mafuta, mambo yameongezeka. Watu wa Bujumbura wamekuwa wakivuka Gatumba kuja kutafuta esanse upande wetu, na mafuta mengi yanalala ndani ya nyumba za watu, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, karibu na jiko. Kamyo zinazoyaleta zinapita katika barabara ile ile wanayopita watoto wa shule, baiskeli, ng'ombe na wagonjwa wanaokwenda hospitali. Ukurasa huu unaeleza namna esanse inavyowaka, na nini cha kufanya ikimwagika barabarani, nyumbani au ziwani. Hatuwezi kuanza bila kupitia Sange.

Jioni ile ya Sange

Kutoka Kavimvira mpaka Sange ni kilometa thelathini na kitu tu, ukipanda Uwanda wa Ruzizi kuelekea Bukavu. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamyo iliyobeba esanse kutoka Tanzania ilipinduka pale Sange, kwenye Barabara ya Taifa namba 5. Zilikuwa siku za Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Siku ile kulikuwa na robo fainali mbili, Uholanzi na Brazil, halafu Ghana na Uruguay, na watu walikuwa wamejaa katika vibanda vya video. Esanse ikaanza kumwagika. Watu wakaja na bido, ndoo na sufuria. Halafu moto ukawaka, ukapita juu ya waliokuwa wanachota, ukafika kwenye nyumba na kwenye vile vibanda.

Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Karibu 200 wengine walijeruhiwa. Wakapelekwa Uvira na Bukavu, baadhi yao kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Miili mingi haikuweza kutambulika, ikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo watu wanalipita haraka. Kamyo ilipopinduka, haikuwaka palepale. Kulikuwa na muda kati ya ajali na moto. Muda ule ndio uliokusanya watu, juu kila mmoja aliona kwamba hakuna kilichotokea, kwa hiyo hakuna kitakachotokea. Na muda ule ule ungetosha kuwatoa wote, hata wale wa vibandani ambao hawakuchota hata tone moja.

Mpaka leo utasikia mtu akisema, wale wa Sange walikufa juu ya wizi. Mimi maneno hayo siyapendi. Mtu anayeishi kwa kubeba mzigo au kulima shamba la mwingine akiona thamani ya kazi ya wiki nzima inatiririka katika mfereji, ataangalia, na wengi wataenda. Zaidi ya hayo, wengi waliokufa walikuwa wamekaa mbele ya televisheni, au ni watoto waliokuja kuona. Ukiwaita wezi, wewe mwenyewe unajitoa katika habari hiyo: unajiambia kwamba si mwizi, basi haikuhusu. Inakuhusu. Nyumba yako iko kando ya barabara ile ile.

Wala si Sange peke yake. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, watu zaidi ya mia walikufa namna hiyo hiyo, kamyo imepinduka, watu wanachota, moto unawaka. Tarehe 6 Oktoba 2018 ikawa Mbuba, katika Kongo-Central, kwenye barabara ya Kinshasa na Matadi, watu kama 50. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, Tanzania: kamyo ilikuwa inakwepa pikipiki, ikalala, na watu zaidi ya mia wakafa. Pale Morogoro ilisemwa kwamba mtu mmoja alikuwa anavuta betri ya kamyo ili aibebe, ikatoa cheche. Katika watu mia wanaozunguka kamyo, anatosha mmoja.

Kinachowaka ni mvuke

Watu wengi wanafikiri esanse inawaka pale moto unapoigusa. Si hivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, ile harufu unayoisikia puani. Esanse inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Sasa fikiria lami ya Uvira saa nane mchana. Esanse ikimwagika pale, mvuke unapanda kila sekunde, bila rangi, bila moshi, bila sauti.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne. Haupandi juu kama moshi wa makala. Unatambaa chini kama maji, unafuata mteremko, unaingia katika kanivo, katika shimo la choo, chini ya mlango. Unaweza kutembea mbali na mahali mafuta yalipomwagika, ukakuta babula ya mtu ambaye hata hajui kama kuna ajali, ukawaka pale, na moto ukarudi kwa kasi mpaka kwenye kamyo. Ndiyo maana mtu anasema, lakini sisi hatukuwasha kitu! Ni kweli, hawakuwasha. Moto ulikuwa nyumba ya tatu.

Mazutu ni tofauti kidogo. Haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya digrii 50, kwa hiyo dimbwi la mazutu haliruki moto haraka kama la esanse. Lakini ikimwagika juu ya injini ya moto, au ikichanganyika na esanse, tofauti hiyo imekwisha. Petroli ya taa iko katikati ya hizo mbili. Pombe kali na ile dawa ya kunawa mikono tuliyoizoea wakati wa Ebola na Korona, nazo zinawaka, na mwale wake mchana hauonekani vizuri.

Kamyo nyingi za kuvuka mipaka zina kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu, nyingine chini. Chini ikiwa 1203, ni esanse. Ikiwa 1202, ni mazutu. Ikiwa 1223, ni petroli. Namba ya juu ikiwa 33, maana yake ni kitu cha maji kinachoshika moto kwa urahisi sana. 30 ni kinachoshika moto kwa urahisi wa chini kidogo. Ukiweza kuisoma kwa mbali, iseme kwa simu ukishafika mahali salama. Usikaribie ili uisome. Na kamyo isiyo na kibao, ichukue kuwa ni esanse.

Kamyo imelala barabarani: dakika za kwanza

Kwanza angalia upepo. Tazama majani ya migomba, vumbi, moshi wa jikoni. Ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, yaani uso wako uupokee upepo na mafuta yabaki mgongoni. Kwetu upepo wa ziwa unabadilika mchana na usiku, kwa hiyo usitegemee ulivyokuwa asubuhi. Panda mahali pa juu. Usishuke kwenye bonde wala usisimame ndani ya kanivo, hata kama unaona ni kificho kizuri.

Umbali gani? Kitabu wanachotumia watu wa zimamoto wa Marekani na Kanada kwa ajali za namna hii kinasema hivi: mafuta yakimwagika, watu wakae angalau mita 50 pande zote, yakimwagika mengi, anza kufikiria kuhamisha watu mita 300 kule upepo unakoelekea, kamyo ikiwa ndani ya moto, mita 800 pande zote. Mita 800 ni karibu viwanja vinane vya mpira, kimoja baada ya kingine. Ukiwa mahali ambapo unaona vizuri sura za watu walio karibu na kamyo, wewe uko karibu mno.

Piga kelele. Watu wengi wanaona aibu kupiga kelele kabla ya moto, wanaogopa kuchekwa. Sema maneno mafupi ambayo kila mtu anaelewa: "Esanse inamwangika! Mutoke! Musiwashe kitu!" Kama kuna kanisa lenye kengele au msikiti wenye kipaza sauti, tumia. Mtu mmoja akimbie kwa shefu wa kartye, mwingine kwa polisi. Ukimjua mtu kwenye redio ya hapa, mpigie pia, juu redio inaweza kuwafikia walio ndani ya nyumba.

Halafu gawaneni. Wawili waende upande wa Kavimvira, wawili upande wa Kiliba au popote barabara inakokwenda, wasimamishe magari na pikipiki mbali sana. Hili ni la maana kuliko watu wanavyodhani. Motari anayepita katikati ya esanse iliyomwagika amebeba moto ndani ya injini yake, na hata akiizima palepale, bomba la moshi bado ni la moto. Afadhali ashuke na kuisukuma kurudi alikotoka, kama bado hajaingia katika mvuke. Kama ameingia, aiache.

Walio katika nyumba za jirani watoke, na waanze na watoto. Kibanda cha video, darasa, kanisa lenye ibada ya jioni, wote hao hawasikii kitu kinachotokea nje, kwa hiyo mtu lazima aende kuwaambia. Babula iliyo mbali bado inaweza kuzimwa kwa kufunikwa na mchanga. Lakini kama harufu imeshafika pale, usiinamie makala, toka. Usiwashe taa wala usiizime, juu swichi inatoa cheche ndogo katika hali zote mbili. Jenereta inayonguruma ndani ya harufu usiifuate, iache.

Kuhusu simu, tuseme ukweli. Watu wanaambiwa simu inalipua esanse. Simu yenyewe ni mara chache sana kuwasha moto. Hatari kubwa ya simu ni kwamba inamfanya mtu asimame. Anataka picha nzuri, anasogea, wengine wanasimama nyuma yake, na kundi limezaliwa. Piga simu ukiwa mbali, picha acha.

Na dereva je? Hili ni swali gumu, na sitaki kulijibu kwa urahisi. Kama hajabanwa, mwite kwa sauti atoke na akimbie kuelekea upepo. Kama amebanwa na mafuta hayajafika upande wake, watu wawili wanaweza kumtoa haraka, wakitokea upande wa upepo, bila taa ya moto, bila nyundo juu ya chuma. Lakini kama mafuta yamezunguka kichwa cha kamyo, usiingie. Ni neno zito kwa mtu anayemsikia mwenzake akilia. Ukiingia na nguo zikaloa esanse, hutamwokoa, mtakuwa wawili.

Kamyo ikishika moto, usibaki kuangalia ukifikiri limebaki la kuzima tu. Tangi linaweza kupasuka. Dalili mbili za kukimbia tena mbali zaidi: mlio wa kupiga filimbi unaoongezeka kutoka kwenye tangi, na chuma cha tangi kubadilika rangi. Katika vijiji vingi vya uwandani, Luvungi, Luberizi, Runingo, hakuna gari la zimamoto la kungoja. Moto wa kamyo nzima, kazi ya mkaaji ni kuondoa watu, si kuuzima.

Bido ya chini ya kitanda

Ajali kubwa inaingia katika habari za dunia. Ile ndogo ya nyumbani inamalizika katika kitanda cha hospitali na hakuna anayeiandika. Kama unauza au unaweka esanse, usiilaze katika nyumba wanamolala watu. Iweke nje, kivulini, mahali panapopita hewa, mbali na jiko na mbali na mlango mnaotokea. Moto ukianzia mlangoni, nyumba ya dirisha moja lenye chuma haina njia nyingine. Chupa ya plastiki ya maji haifai kuwekea esanse: kifuniko kinavuja, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Usiijaze bido mpaka mdomoni, acha nafasi kidogo, juu mafuta yanatanuka kwa joto. Ukijaza, bido iwe chini, juu ya udongo, si juu ya pikipiki wala ndani ya gari, ili umeme mdogo unaojikusanya katika plastiki upate njia ya kutoka.

Pikipiki izimwe na abiria wote washuke. Kadhafi anayekataa kujaza mashine inayonguruma anapoteza dakika moja; tungependa wamotari wamzoeshe hivyo badala ya kumpigia honi. Jenereta izimwe na ipoe mbele ya kuongeza mafuta, hata kama mpira umefika dakika ya 80.

Taa ya petroli nayo ina habari yake. Esanse kidogo ikichanganywa katika petroli, kwa makosa au kwa ujanja wa muuzaji, taa inakuwa bomu dogo mezani. Nunua kwa mtu unayemjua, na usimimine petroli katika bido iliyokuwa na esanse.

Wasuderi wetu wanajua hili, lakini wanunuzi hawalijui: pipa tupu ni la hatari kuliko pipa lililojaa. Lililojaa limejaa mafuta. Tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Mtu anayeleta pipa la esanse likatwe liwe birika la maji au babula kubwa, akisema nimelisuuza jana, asikubaliwe kirahisi. Kusuuza mara moja hakutoshi.

Na mitumbwi ya mashine inayokwenda Baraka na Kalemie. Mvuke unashuka na kukaa chini kabisa ya chombo, kule maji machafu yanakokusanyika, na upepo wa juu hauufikii. Ukipanda na kusikia harufu kali chini ya mbao, mwambie nahodha mbele ya kuwasha injini, si katikati ya ziwa. Sigara na jiko la kupikia safarini vikae mbali na bido. Esanse ikimwagika majini inaelea, na inaweza kuwaka juu ya maji. Kwa hiyo kurukia ziwani pale pale inapowaka si kuokoka. Ikiingia katika mto au ziwani karibu na mahali mama wanapoteka maji, msiteke hapo mpaka harufu na ule mng'aro wa rangi viondoke kabisa. Kuchemsha hakuondoi esanse, na chungu juu ya moto kinaweza kuwasha mvuke wake.

Imemwagika nyumbani, haijawaka? Watoe watu, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi. Kama ni kidogo, tuseme kikombe au lita moja, na hakuna moto karibu, mwagia mchanga au udongo mkavu, uache unywe, uzoe kwa koleo ya plastiki au ubao, uupeleke nje mahali pa wazi, mbali na kanivo. Usisafishe kwa maji mengi: maji yanabeba esanse mpaka kwa jirani. Kama ni bido nzima, acha, toka, subiri nje.

Moto mdogo, na mahali pa kuacha

Esanse ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji, inapanda juu yake na kusafiri nayo ikiwaka. Kosa hili linageuza moto wa meza moja kuwa moto wa nyumba nzima. Kinachofaa ni kuinyima hewa: mchanga mkavu, udongo, kifuniko kama ni sufuria, au ekstenteri ya unga, kile kichupa chekundu. Ndoo mbili za mchanga kando ya kila meza ya kadhafi hazigharimu kitu Kavimvira, mchanga tunao. Hatuelewi kwa nini shefu wa kartye hazilazimishi.

Kwa ekstenteri, simama upande wa upepo, nyuma yako kuwe na njia ya kutokea, vuta pini, elekeza chini kabisa ya moto, si kwenye ndimi zake, na upeleke kushoto na kulia. Ile ya kilo 6 inaisha chini ya nusu dakika. Ikiisha na moto upo, kazi yako imeisha. Kipimo ni hiki: moto uliozidi urefu wako, au moshi unaokufanya ukohoe, au moto ulioanza kukata njia yako ya kutoka, huo si wa kwako tena. Toka, funga mlango nyuma yako bila kufuli, usirudi kuchukua televisheni wala karatasi za uchaguzi.

Nguo zikishika moto, usikimbie, juu kukimbia ni kupepea. Toka kwanza kwenye dimbwi la mafuta, lala chini, funika uso kwa mikono, bingirika. Anayesaidia atumie blanketi zito au kitambaa cha pamba, si nailoni, inayeyuka na kushikamana na ngozi. Aliyeloa esanse bila kuungua bado ni mtu wa hatari: asogee mbali na kila moto, amwagiwe maji, avue nguo zote, aoshwe kwa sabuni, na nguo zibaki nje.

Aliyeungua

Maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si barafu. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, bado yanasaidia. Toa pete, bangili na nguo ambazo hazijashikamana, zilizoshikamana ziache. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, asali, unga, majivu wala maziwa. Tunajua kwamba nyumba nyingi zinafanya hivyo kwa upendo, lakini daktari atalazimika kuvisugua vyote juu ya kidonda kibichi. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi ambacho hakina manyoya. Mtoto mdogo apozwe kidonda tu, sehemu nyingine za mwili zifunikwe asishikwe na baridi.

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua zaidi ya viganja vichache, na mtu yeyote aliyeungua usoni, mikononi, kwenye viungo vya kukunja au sehemu za siri, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Aliyevuta moshi, mwenye sauti iliyokwaruza au masizi puani, apelekwe hata kama ngozi yake ni nzima. Njiani, kama ana fahamu na hatapiki, mpe SRO kidogo kidogo, ile ile ya kipindupindu. Uliza juu ya chanjo ya pepopunda.

Linabaki jambo la kufyonza kwa mdomo, ambalo vijana wengi wa bido wanalifanya kila siku. Esanse ikiingia mdomoni, hatari kubwa si tumbo, ni mapafu. Tone dogo likiteremka njia ya hewa linaunguza mapafu, na homa na kukohoa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasema yuko sawa. Aliyemeza asitapishwe, wala kwa kidole wala kwa maziwa wala kwa mawese, juu kutapika kunaipitisha esanse mara ya pili karibu na mapafu. Asukutue mdomo, akae wima, na akianza kukohoa, kuhema haraka au kusinzia, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mtoto aliyekunywa kutoka chupa apelekwe hata kama bado anacheza, na chupa yenyewe ipelekwe pamoja naye, imefungwa vizuri, ili muuguzi ajue alikunywa nini.